Mtu wa Mtwara anafika kileleni Kilimanjaro, lakini si kwa siku tano

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Mtwara mjini, mwanamke wa miaka 41. Mimi na mdogo wangu wa kiume, miaka 24, mcheza mpira, tunataka kutumia pesa ya korosho kupanda Kilimanjaro na kuwa kileleni Desemba 9. Tumepewa bei ya siku tano, njia ya Marangu. Rafiki yetu mwenye mazoezi mazuri alipita njia hiyo mwaka jana, akaanza kutapika Kibo na kichwa kikamuuma vibaya, akarudishwa. Je, sisi watu wa pwani tunaweza? Tujiandae vipi?

JIBU: Marahaba, dada. Mnaweza. Kuishi ufukweni si kilema: hata mkazi wa Moshi mjini analala chini ya mita 1,000, na akifika mita 4,700 mwili wake unashtuka karibu sawa na wako. Ila hiyo bei ya siku tano msiikubali. Kwa dalili ulizozitaja, rafiki yenu hakuangushwa na miguu. Aliangushwa na ratiba.

Itazame ratiba yenyewe. Geti la Marangu liko karibu mita 1,870. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo mnaamshwa kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kati ya kitanda na kitanda kuna mita 1,000. Ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Siku tano za Marangu zinavunja kanuni hiyo mara mbili mfululizo.

Watu husema kule juu oksijeni inaisha. Haiishi. Ni asilimia ileile 21 iliyopo Shangani, hapo Mtwara. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni ni karibu nusu ya ule wa baharini, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, lakini kupumua haraka kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inaegemea upande wa alikali, na ubongo unaanza kuizuia pumzi isizidi. Wanaofungua kizuizi hicho ni figo, kwa kutoa baikaboneti, yaani alikali hiyo, kwenye mkojo, na figo huchukua siku kadhaa kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana kwenda haja ndogo mara kwa mara ukiwa Horombo ni dalili njema. Ndiyo maana pia mtu aliyelala huhema haraka, akakata pumzi sekunde kadhaa, kisha akashtuka kwa pumzi kubwa. Kumsikiliza mwenzako akifanya hivyo gizani kunatisha, ila peke yake si ugonjwa.

Mazoezi hayaziharakishi figo. Mwenye mapafu ya chuma na asiye nayo wanasubiri siku zilezile. Kwa sababu hiyo ninamhofia zaidi mdogo wako kuliko wewe. Kijana mcheza mpira hutangulia, hufika kambini saa moja kabla ya wenzake, kisha huficha maumivu ya kichwa kwa kuona aibu. Mwambieni kiongozi tangu getini kwamba kijana atembee nyuma yake, asimpite.

Sasa ratiba ninazowashauri. Mkibaki na Marangu, chukueni siku sita, na siku ya ziada muitumie Horombo. Asubuhi ya siku hiyo msilale: pandeni taratibu hadi Miamba ya Pundamilia au juu kidogo, kaeni nusu saa, shukeni mle na kulala. Ili mfike kileleni Desemba 9, anzeni kutembea Desemba 5: Mandara tarehe 5, Horombo 6 na 7, Kibo 8, kileleni alfajiri ya 9. Marangu ndiyo njia pekee yenye nyumba za kulala, na kwa mtu asiyezoea baridi, kitanda chini ya paa wakati wa mvua si jambo dogo.

Iliyo bora zaidi kwa mwili ni Machame ya siku saba. Siku ya tatu mnapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha mnateremka kulala Barranco, karibu mita 3,900. Mwili unaonja mwinuko mchana, unapumzika chini usiku. Baada ya hapo mnalala Karanga, kisha Barafu karibu mita 4,670, na kutoka hapo kilele. Kwa njia hii anzeni Desemba 4. Hasara yake ni kulala hemani, na ukuta wa Barranco mnaoupanda kwa mikono na miguu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Hauhitaji kamba, lakini anayeogopa kimo ajue mapema. Njia ya Lemosho ya siku nane ni nzuri kuliko zote mbili, mkiwa na muda.

Kuhusu gharama: ada za hifadhi kwa raia hulipwa kwa shilingi, nazo ni ndogo mno zikilinganishwa na za wageni. Kwa hiyo siku moja ya ziada kwenu ni hasa posho na chakula cha kiongozi, mpishi na wapagazi. Mgeni anayelipa kwa dola ana sababu ya kubana siku. Mtanzania hana. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana bila hivyo mtapata shida kuthibitisha uraia getini. Mkipata wenzenu wawili watatu wa kwenda nao, gharama ya kiongozi inagawanyika. Makundi ya Watanzania hupanda kila mwaka kuelekea Desemba 9, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge kileleni, kwa hiyo nyumba za Marangu hujaa. Wekeni nafasi mapema.

Desemba yenyewe si mwezi ambao ningewachagulia. Msiipime mvua ya kule kwa mvua ya kwetu kusini. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja mrefu. Kilimanjaro ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ambayo mara nyingi mwanzoni mwa Desemba haijakatika. Mvua ya msituni hugeuka theluji juu. Miezi mikavu ni Januari na Februari, na kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Mkiwa tayari kuiacha tarehe 9, Januari ina baridi kavu na anga safi. Mkiisogeza, angalieni Ramadhani inaangukia lini: siku nzima bila maji kwenye mwinuko ule ni hatari kweli, na msafiri ana ruhusa ya kuilipa saumu baadaye.

Kabla ya viatu na majaketi, nendeni hospitali. Kwanza, malaria. Mikoa yetu ina malaria nyingi, na vimelea huweza kukaa mwilini siku saba hadi kumi na nne au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kabla homa haijaanza. Mtu anaumwa na mbu Mikindani, homa inamlipukia Horombo. Kichwa, kichefuchefu, uchovu: dalili zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Kinachotofautisha ni homa, kwa sababu ugonjwa wa kawaida wa mwinuko hauleti joto kali mwilini. Laleni ndani ya chandarua wiki zote za mwisho, pimeni kabla ya safari, na bebeni kipimajoto. Mkipata homa mlimani, shukeni mkapime, msibahatishe dawa.

Pili, selimundu (sikoseli). Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Lakini hata aliyerithi nusu tu, mwenye AS, ambaye pengine hajaumwa maishani mwake, anaweza kupata madhara ya bandama oksijeni ikipungua: maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Kipimo ni rahisi, na watu wengi hapa nchini wana AS bila kujua. Pimeni wote wawili, maana ni ndugu.

Tatu, shinikizo la damu na moyo kwa wewe uliyevuka 40. Na muulizeni daktari kuhusu asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Dawa hii inaisukuma figo itoe baikaboneti mapema, yaani inaharakisha kazi ileile niliyoieleza. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huleta ganzi ya vidole na mkojo mwingi, na soda hupoteza ladha. Kama umewahi kuvimba au kubabuka ngozi kwa SP au Septrin, mwambie daktari kabla ya kuimeza, kwa kuwa ni dawa za ukoo mmoja wa salfa. Jaribuni kidonge kimoja mkiwa nyumbani Mtwara, msikutane na madhara yake kwa mara ya kwanza mlimani. Dawa haiongezi siku: mwenye Diamox kwa ratiba ya siku tano bado yuko kwenye ratiba mbaya.

Dalili mzijue kwa moyo. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Kikiwa kidogo, usipande zaidi: kunywa maji, meza parasetamoli, subiri. Kisipopungua, shuka. Kuna mambo mawili ambayo hayasubiri asubuhi. La kwanza ni kuyumba na kuchanganyikiwa, maana ubongo unavimba. Mwambie mwenzako atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, mshusheni hapohapo, hata kama ni saa nane usiku. La pili ni kuhema akiwa amekaa, kikohozi kinachozidi, kifua kinachokoroma. Hayo ni maji kwenye mapafu. Kushuka mita 500 hadi 1,000 kunaokoa maisha kuliko chupa yoyote ya oksijeni, ambayo kazi yake ni kumsaidia mtu wakati anashushwa.

Viongozi wengi hupima oksijeni kwa kile kifaa cha kidole. Namba za 75 hadi 85 mkiwa Kibo au Barafu ni za kawaida, na zinazoshuka ghafla huku dalili zikizidi ndizo za kuogopa. Dada, ukipaka piko au rangi nyeusi ya kucha, acha vidole viwili bila kitu, na kidole kipashwe moto kwanza, vinginevyo kifaa kitadanganya.

Mazoezi yanahitaji wiki 12, na hayagharimu kitu, kwa hiyo msisubiri minada ya korosho ianze. Kwa Desemba 5, anzeni katikati ya Septemba. Wiki nne za kwanza, tembeeni kwa haraka saa moja, siku nne kwa wiki. Wiki nne zinazofuata, siku mbili kati ya hizo ziwe za ngazi: tafuteni jengo la ghorofa, pandeni na kushuka dakika 30 hadi mfike 60, mgongoni kilo 5, na Jumamosi tembeeni saa tatu au nne. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa mashavu ya miguu, ila haufundishi kushuka, na kushuka ndiko kunakovunja magoti. Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja nendeni Newala. Upande wa Shimo la Mungu ukingo wa uwanda wa Makonde unadondoka kuelekea bonde la Ruvuma, na zipo njia za miguu. Tafuteni mwenyeji awaongoze, teremkeni na kupanda saa tano au sita na mzigo wa kilo 7, mlale, kesho yake mrudie. Siku ya pili, miguu ikiwa mizito, ndiyo inayofanana na Kilimanjaro. Wiki ya mwisho pumzikeni. Newala haitawazoesha mwinuko, ni chini mno. Itawazoesha magoti na viatu.

Viatu ndivyo vitu vya kununua, vingine kodini Moshi. Viwe na shingo ya kufunika kifundo, na vivaliwe kwenye mazoezi angalau wiki sita. Jaribu na soksi nene: ukisukuma mguu mbele kabisa, kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kiatu kinachokubana Mtwara kitakung'oa kucha kwenye mteremko. Kateni kucha siku mbili kabla ya safari.

Baridi ya kilele ni kati ya nyuzi 7 na 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Siri ni kutovaa pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, inaganda mwilini. Pitieni mitumba: majaketi ya flisi, yale laini kama blanketi, na masweta ya sufu huuzwa bei ya chee Mtwara kwa kuwa hayana wateja. Chagueni mawili kila mmoja. Moshi mkodi jaketi zito lililojazwa manyoya, koti na suruali za mvua, begi la kulalia la nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, fimbo mbili za kutembelea, na glavu nene za kuvaa juu ya glavu nyembamba. Mvae kila kitu dukani, mfunge zipu zote. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya. Miwani ya jua ni lazima, kwa sababu theluji inaunguza macho. Midomo na pua hupasuka hata kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo bebeni mafuta ya kuzuia jua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo tafuteni mifuko ya turubai isiyopitisha maji ya kufungia nguo. Mzigo wenu anaoubeba mpagazi usizidi kilo 15 kwa kila mpandaji, na mizigo hupimwa getini.

Safari ya Mtwara hadi Moshi inazidi kilomita 1,000. Msishuke kwenye basi usiku na kuanza kupanda asubuhi: lazeni mwili Moshi usiku mmoja kamili, ikiwezekana miwili. Kunyweni lita tatu hadi nne kwa siku mlimani, hata kama hamna kiu. Hamu ya chakula itapotea baada ya Horombo, na mafuta humeng'enywa kwa shida kule juu. Korosho zenu zitawafaa siku mbili za kwanza. Baada ya hapo tegemeeni uji, ugali laini, supu, tende, kashata na glukosi. Anayetaka chakula halali amwambie mpishi kabla nyama haijanunuliwa.

Usiku wa kilele, kwa njia ya Marangu, mnaondoka Kibo kati ya saa tano na saa sita usiku. Sababu kubwa ni kwamba changarawe imeganda na inashikilia mguu. Jua likiitoboa, kila hatua mbili unateleza moja. Chupa za maji zikae kichwachini, kwa kuwa barafu huanza juu na mdomo utabaki wazi. Mipira ya kunyonyea maji huganda saa ya kwanza. Simu na betri ziwe kifuani, ndani ya flisi. Hatua ni hii: weka mguu, nyoosha goti la nyuma lijifunge ili mfupa ubebe uzito badala ya msuli, vuta pumzi, toa, ndipo inua mguu mwingine. Ukiwa huwezi kusema sentensi nzima, unakwenda mbio. Pumziko lisizidi dakika tano, kwa sababu jasho hugeuka baridi.

Hans Meyer Cave ni kama mita 5,150. Kutoka hapo ni kona kwa kona hadi Gilman's Point, mita 5,685, baada ya saa tano au sita. Wengi hugeuka hapo wakidhani mlima umemaliza nguvu zao, kumbe sehemu ngumu wameimaliza. Kilichobaki, kupitia Stella Point hadi Uhuru, ni saa moja na nusu hadi mbili kwenye mwinuko mdogo. Kama ni uchovu tu, endeleeni. Kama ni kuyumba, kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa, hapo ndipo mwisho, na kiongozi akisema rudi, mrudi bila ubishi. Kubalianeni mapema, mkiwa Horombo, kwamba mmoja akirudi mwingine anaweza kuendelea. Kwa hiyo lazima kuwe na kiongozi na msaidizi wake. Ulizeni kampuni jambo hilo moja kwa moja, na muulize pia kama wapagazi hulipwa na kulishwa ipasavyo, kwa kuwa mpagazi mwenye njaa haleti hema kwa wakati.

Kileleni kaeni dakika kumi na tano, si zaidi. Siku hiyohiyo mnashuka hadi Horombo, jumla ya saa kumi na mbili hadi kumi na tano mguuni. Kazeni kamba za kiatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, fupisheni hatua, na muweke uzito kwenye fimbo. Mdogo wako atataka kuteleza mbio kwenye changarawe kama vijana wengi wanavyofanya. Mzuieni, magoti yake bado yana msimu mzima wa ligi.